UCHAMBUZI: Mgeni wa Nairobi na mtihani wa kuchagua mtaa wa kulala

TANGU Septemba 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) lilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania fursa ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, mazungumzo kuhusu wageni wa Nairobi yamekuwa ya viwanja, barabara na hoteli za kifahari.

Uwanja wa Talanta, uliokusudiwa kuwa na viti 60,000, ulianza kujengwa 2024 karibu na barabara ya Ngong. Uwanja wa Kasarani ulifanyiwa ukarabati na kuandaa mechi za CHAN mnamo Agosti 2025. Yote hayo ni mema.

Hata hivyo, lipo swali dogo ambalo halijaulizwa kwa dhati, nalo ndilo humkabili kila anayeshuka kwenye basi, garimoshi au ndege akiwa na begi mkononi: Alale mtaa gani?

Swali hili si la mashabiki wa kandanda wala watalii pekee. Watu wengi wanaoingia jijini kila siku hawana haja ya kuona simba. Huja kutibiwa, kufuatilia pasipoti katika Jumba la Nyayo, kufika mahakamani, kununua bidhaa Eastleigh, kumsajili mtoto chuoni au kuhudhuria usaili wa kazi. Hawa hawana wakala wa safari wala kijitabu cha kuwaelekeza. Mshauri wao wa kwanza huwa ni kondakta, na wa pili ni yule kijana anayewapokonya mizigo mlangoni pa basi akidai anawasaidia.

Zamani swali lilikuwa na jibu rahisi. Kila ukoo ulikuwa na mjomba aliyeishi Kaloleni, Makadara au Kariobangi, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa hoteli ya kijiji kizima. Mgeni alilazwa sebuleni, akapewa chai asubuhi, kisha akasindikizwa hadi kituo cha matatu. Wahenga walimwekea mpaka waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawakumfungia mlango.

Desturi hiyo haijafa ila imebanwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na wengi wa wafanyakazi wake huishi na familia zao katika chumba kimoja kwenye majumba ya ghorofa ya Pipeline, Kayole, Umoja au Zimmerman. Sebule ya kumlaza mjomba haipo. Siku hizi jamaa akikwambia umtafutie mgeni wako pa kulala kwingine, si choyo. Kitanda ni kimoja na watoto ni watatu.

Anayelazimika kulipia kitanda basi huanza kwa kuuliza bei, kisha jina la mtaa. Kwa maoni yangu, hayo yangekuwa maswali ya mwisho. La kwanza ni je, shughuli iliyomleta iko wapi hasa? La pili, atafika saa ngapi? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau, ataondoka saa ngapi na kutoka kituo kipi?

Tuanze na la kwanza, maana ndilo linalowagharimu wengi. Chukua jina Kenyatta. Ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), iliyo Upper Hill, kusini magharibi mwa katikati mwa jiji. Ipo pia Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019 huko Kahawa West, kando ya barabara ya Northern Bypass. Kati ya hospitali hizo mbili pana takribani kilomita 20, na njia ya kuziunganisha hupita kwenye baadhi ya misongamano mikubwa ya magari jijini.

Ongeza Kenyatta Market, Kenyatta Avenue, Jumba la Mikutano la KICC na Chuo Kikuu chenyewe, nawe utaelewa kwa nini mgonjwa aliyeandikiwa barua ya rufaa huko Kitui au Kakamega anaweza kulala upande usiofaa wa jiji na kuamka akiwa amechelewa miadi aliyoingojea kwa miezi.

Hata Kahawa yenyewe si moja. Kahawa West iko Nairobi, ilhali Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ziko Kaunti ya Kiambu, ng'ambo ya barabara ya Thika. Anayeambiwa na mwenye chumba kwamba yuko Kahawa hajaambiwa lolote bado.

Viwanja vya ndege navyo ni viwili. Abiria anayetoka Wajir, Lodwar au Mandera kwa ndege ndogo aghalabu hutua Wilson, kwenye barabara ya Lang'ata. Kwake yeye, South C na Nairobi West ni jirani. Tangazo la hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege, ikiwa ni ule wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi, halimhusu hata kidogo. Ubalozi wa Marekani uko Gigiri, mkabala na makao ya Umoja wa Mataifa, nao wa Uingereza uko Upper Hill. Anayetafuta viza ya nchi hizi mbili na kudhani kwamba balozi zote zimepangwa barabara moja atajuta mapema.

Matangazo ya vyumba pia yana tabia ya kunyoosha mipaka. Jina Westlands huvutwa hadi likakaribia Kangemi, na Kilimani ikasukumwa hadi Kawangware. Si kwamba Kangemi au Kawangware ni mitaa isiyofaa mtu kulala. Wanaoishi humo ni mamia ya maelfu ya raia waungwana. Tatizo ni kumtoza mgeni bei ya mtaa mmoja na kumlaza katika mwingine. Dawa yake ni kuuliza jina la kituo cha matatu kilicho karibu zaidi na la jengo lolote maarufu pale, kisha kumuuliza mtu wa pembeni kama majibu hayo yanalingana. Wakazi wa Nairobi huelekezana kwa steji, wala si kwa nambari za nyumba.

Swali la pili ni la saa. Mabasi mengi ya masafa marefu huishia upande wa chini wa jiji, kwenye River Road, Accra Road na viunga vyake, na mengine katika kituo cha Machakos. Baadhi huingia usiku wa manane au kabla ya alfajiri.

Ndiyo maana River Road imekuwa na vyumba vya bei nafuu kwa vizazi kadhaa. Wasafiri wenyewe ndio waliovihitaji. Anayeingia saa sita usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri hana sababu ya kuvuka jiji kwenda kulala saa tano Lang'ata.

Sifa ya eneo hili ni mbovu, na si bure. Baadhi ya lojingi hukodishwa kwa saa, kelele za baa hazikomi, na mlango wa chumba hufungwa kwa komeo ambalo mtoto anaweza kulivunja. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya lojingi moja na nyingine katika barabara hiyo hiyo. Ipo inayoandika jina na nambari ya kitambulisho, inayotoa risiti na yenye bawabu anayemjua kila anayepanda ngazi. Na ipo inayopokea pesa bila kuuliza hata jina. Mgeni hufurahia hii ya pili kwa kuwa haina usumbufu, akisahau kwamba asiyeulizwa yeye jina hakuulizwa pia aliye chumba cha pili.

Hatari kuu ya River Road, kwa jinsi mambo yalivyo, si chumba bali zile mita mia tatu kati ya basi na chumba. Anayetembea usiku akiwa na mizigo miwili, simu mkononi na macho juu kutafuta kibao cha hoteli amejitangaza. Kampuni kadhaa za mabasi huwaruhusu abiria kusubiri mapambazuko ofisini mwao au ndani ya basi. Kuna aibu gani kuketi hapo hadi kupambazuke?

Abiria wa reli ya SGR ana mtihani wake. Kituo kikuu kiko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na garimoshi la usiku kutoka Mombasa huingia kabla ya mapambazuko. Lipo garimoshi la abiria linalounganisha kituo hicho na stesheni ya zamani mjini. Lakini mwenye shughuli kando ya barabara ya Mombasa, South B au Industrial Area hana haja ya kwenda mjini kisha kurudi alikotoka.

Barabara ya Nairobi Expressway yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imebadilisha hesabu kwa njia ambayo wengi hawajaitambua. Kwa mwenye gari na anayemudu ada, Westlands sasa ni karibu na uwanja wa ndege kuliko South B ilivyo kwa anayepanda matatu saa kumi na mbili jioni. Umbali wa Nairobi haupimwi kwa kilomita; hupimwa kwa saa na kwa mfuko.

Swali la usalama ndilo huzungumzwa zaidi, na ndilo hujibiwa vibaya zaidi.

Jiji hili liligawanywa mapema. Reli ilipofika Nairobi 1899, haikuchukua muda kabla ya watawala wa kikoloni kutenga vilima vya magharibi kwa Wazungu na kuwaacha Wahindi Ngara na Parklands, huku Waafrika wakisukumwa mashariki. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, na sheria za vipande zilihakikisha kuwa Mwafrika asiye na mwajiri hawezi kukaa mjini apendavyo. Mgeni mweusi wa enzi hizo hakuchagua mtaa, alichaguliwa.

Sheria hizo zilikufa lakini ramani ilibaki vichwani. Hadi leo mtu husema magharibi ni salama na mashariki ni hatari, kana kwamba wahalifu hawapandi matatu. Bei za vyumba hufuata imani hiyo.

Tazama Eastleigh. Serikali ya Marekani imekuwa ikiitaja kwa jina, pamoja na Kibera, katika tahadhari zake kwa raia wanaozuru Kenya. Haiwezi kusemwa kwamba tahadhari hiyo haikuwa na msingi: mnamo Novemba 2012 matatu ililipuliwa mtaani humo na abiria wakafa, na mashambulizi ya guruneti yakaendelea hadi 2014. Lakini Westgate, palipouawa watu 67 katika shambulizi lililoanza Septemba 21, 2013, iko Westlands. Hoteli ya DusitD2, palipouawa watu 21 mnamo Januari 2019, iko Riverside. Na bomu la mkesha wa mwaka mpya wa 1980 lililipuka Norfolk, hoteli iliyofunguliwa 1904 na iliyohesabiwa kuwa ngome ya wenye nacho.

Magaidi walifuata palipo na wageni wa kigeni, wala hawakutazama kodi ya nyumba. Wezi wa simu, kwa upande wao, hufuata palipo na msongamano. Hao ni wahalifu wa aina mbili, na mtaa mmoja hauwezi kuwa kinga dhidi ya wote.

Isitoshe, Eastleigh ni mtaa uliozaliwa upya kutokana na chumba cha mgeni. Garissa Lodge, ambayo watu huitaja leo kama duka, ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Wasomali waliokimbia vita mapema katika miaka ya 1990 walikodi vyumba humo, wakauza bidhaa mchana mle mle walimolala usiku, hadi vyumba vikageuka vibanda na jengo likawa soko. Wafanyabiashara kutoka Uganda, Tanzania na Congo hufika huko kununua nguo kwa jumla. Kwao, hoteli za Eastleigh zina faida ambazo Westlands haiwezi kuwapa: chakula halali, msikiti mlangoni, jengo lisilouzwa pombe, na duka analolitaka liko hatua chache kutoka kitandani.

Mwanamke Mwislamu anayesafiri peke yake kutoka Lamu au Garissa anaweza kujiona salama zaidi Eastleigh au South C kuliko katika hoteli ya Westlands iliyozungukwa na vilabu vya usiku. Anayemwambia kuwa amekosea hajamuuliza anachokiogopa.

Dosari ya Eastleigh kwa mgeni ni nyingine kabisa, nayo ni polisi. Katika operesheni ya Usalama Watch mnamo Aprili 2014, maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, ule ule unaotayarishwa kwa soka. Tangu hapo, asiyekuwa na kitambulisho au pasipoti mfukoni hutembea kwa wasiwasi. Mgeni anayelala huko asiviache chumbani vyeti vyake.

Kilichotikisa zaidi imani ya wageni katika siku za karibuni hakikutokea barabarani. Mnamo Januari 2024 wanawake wawili waliuawa kwa siku tofauti katika nyumba za kukodishwa kwa muda mfupi, mmoja South B na mwingine Roysambu. Maelfu ya watu waliandamana Januari 27 mwaka huo jijini na katika miji mingine kulaani mauaji ya wanawake.

Nyumba hizo, ambazo Wakenya wamezoea kuziita Airbnb hata kama hazijawahi kutangazwa na kampuni hiyo, zimeenea kuanzia Kilimani hadi Ruaka. Uzuri wake unajulikana: jikoni, sebule, faragha, na bei inayoweza kugawanywa na watu wanne. Lakini faragha ndiyo hiyo hiyo iliyogeuka mtego. Hoteli, hata iwe duni namna gani, ina mtu mlangoni anayeona nani kaingia na nani. Katika nyumba ya kukodi, mwenyewe huenda yuko Mombasa, ufunguo uko kwenye kisanduku, na bawabu wa lango haajiriwi na mwenye nyumba bali na jengo zima lenye milango 80.

Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA) iliwakumbusha wenye nyumba hizo baada ya mauaji kwamba wanapaswa kusajiliwa. Agizo lilikuwa sahihi lakini lilielekezwa upande mmoja. Mgeni hana njia rahisi ya kusimama mbele ya mlango wa nyumba na kujua kama imesajiliwa au la, na bila hiyo usajili unabaki kuwa karatasi kati ya mwenye nyumba na afisa.

Haifai pia mjadala huu ugeuzwe kuwa wa kuwalaumu waliokufa. Kila yalipotajwa mauaji hayo, walikuwepo waliouliza marehemu alifuata nini huko. Swali la haki ni nani aliyekuwa na wajibu wa kujua ni nani aliyeingia katika nyumba ile. Kukodisha chumba ni biashara, na anayepokea pesa ana wajibu.

Kwa sasa, anayechagua nyumba ya aina hiyo atafute jengo ambalo langoni huandikwa kitambulisho cha kila anayeingia, si cha aliyekodi pekee. Amtumie jamaa jina la jengo, nambari ya mlango na nambari ya simu ya mwenye nyumba kabla ya kuweka mizigo chini. Na vinywaji anavyopewa na mtu waliyejuana jana aviepuke. Wanaotilia wenzao dawa za kulewesha, uhalifu uitwao 'mchele', hawabagui wanaume na wanawake, wala Westlands na Umoja.

Kuhusu Kilimani na Westlands, jambo ambalo matangazo hayasemi ni kelele. Gavana Johnson Sakaja aliagiza Novemba 2022 kuwa vilabu vya usiku vilivyo katika makazi ya watu vifutiwe leseni, lakini utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Mwenye usaili saa mbili asubuhi na aulize kilicho chini ya dirisha lake. Aulize na maji, kwa kuwa mitaa mingi hupokea maji ya mfereji kwa zamu, na jengo lisilo na kisima au tangi kubwa humwachia mgeni ndoo. Na katika msimu wa mvua za Machi hadi Mei, South C iliyosifiwa hapo juu hujaa maji, kama ilivyoshuhudiwa 2024.

Katikati mwa jiji pia pana kalenda yake mpya. Juni 25, 2024 waandamanaji waliingia Bungeni, na katika siku za maandamano zilizofuata biashara zilifungwa na mabomu ya machozi yakarushwa hadi ndani ya majengo. Julai 7, 2025 polisi walifunga barabara za kuingia jijini na abiria wa mabasi ya usiku wakashushwa mbali, wakatembea. Aliyelala karibu na shughuli yake siku hiyo aliweza kuifikia. Aliyepanga kuvuka jiji hakuweza.

Narudi kwa mgonjwa, kwa kuwa ndiye mwenye mengi ya kupoteza. Matibabu ya saratani kwa miale huweza kuhitaji mgonjwa kufika hospitalini siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa. Huyo si mgeni wa siku mbili wala tatu, na hakuna mjomba wa chumba kimoja anayeweza kumhimili, hata akipenda.

Upper Hill ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli kabla ya kugeuzwa mtaa wa afisi na majumba marefu, likiwemo lile la UAP Old Mutual lenye orofa 33. Kwa hiyo hospitali kubwa zaidi ya rufaa nchini imezungukwa na benki, kampuni za bima na hoteli za mikutano, huku vitanda vya bei ya mkulima vikiwa haba. Wagonjwa husukumwa Ngumo, Golf Course, karibu na Kenyatta Market, au wakaenda mbali kabisa kutafuta nafuu.

Nafuu hiyo mara nyingi ni ya macho tu. Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha Githurai kiwe Sh1,000 na cha Ngumo Sh1,800. Tofauti ni Sh800. Nauli ya Githurai hadi mjini iwe Sh100, na ya mjini hadi hospitalini Sh50. Kwenda na kurudi ni Sh300 kwa mtu mmoja, na Sh600 kwa mgonjwa na anayemuuguza. Wamebakiwa na Sh200 kwa siku, yaani Sh1,000 kwa siku tano, nazo wamezilipia kwa saa tatu au nne za foleni kila siku. Siku mgonjwa atakapozidiwa na kushindwa kukaa ndani ya matatu, teksi moja itaila akiba yote ya juma.

Hesabu ingekuwa tofauti kwa anayetibiwa kule Kahawa West. Kwake yeye Githurai ndiyo busara na Ngumo ndiyo hasara. Chumba hakibadiliki, kinachobadilika ni barua ya rufaa.

Ndiyo maana inashangaza kwamba barua hiyo haisemi lolote kuhusu malazi. Hospitali inayompeleka mgonjwa inajua anakokwenda na takribani atakaa muda gani. Ingeweza kuandika jina kamili la hospitali, kituo cha matatu cha kushukia na mitaa miwili ya karibu iliyo na vyumba. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya mabilioni, wala mkopo kutoka ng'ambo.

Serikali ya Kaunti na ile ya kitaifa zina ardhi na majumba ya zamani karibu na hospitali zote mbili za rufaa. Hosteli ya vitanda 200 kwa jamaa za wagonjwa, inayotoza ada ndogo na kuendeshwa kwa masharti ya wazi, ingewaondolea wengi adha ya kukesha kwenye viti na mabenchi. Hoja hii haina kishindo cha uwanja wa viti 60,000, na pengine ndiyo sababu hakuna mwanasiasa aliyeiweka kwenye bango.

Tukija kwa mashabiki wa 2027, yatakayowakuta yanaweza kukisiwa leo. Basi kutoka Kampala litawashusha katikati ya jiji. Mechi ikiwa Kasarani, mitaa iliyo karibu ni Roysambu, Zimmerman na Mwiki. Ikiwa Talanta, ni Jamhuri, Woodley na mitaa ya barabara ya Ngong. Bei za vyumba katika mitaa hiyo zitapanda, na nyumba zisizosajiliwa zitafunguliwa kila ghorofa. TRA bado ina muda wa kuchapisha orodha ya malazi yaliyosajiliwa, mtaa kwa mtaa, na kuyabandikia lebo mlangoni inayoweza kusomwa na mgeni kabla hajatoa pesa. Orodha hiyo ikibandikwa pia katika vituo vya mabasi vya Accra Road na Machakos na katika kituo cha Syokimau, itamfaa shabiki kwa mwezi mmoja na mgonjwa wa Kitui kwa miaka yote itakayofuata.